Kadi Kumi na Moja za Bibi Margareta

Jogoo wa jirani yao pale Pasua alikuwa mvivu kupindukia, kwa hiyo kila ilipofika likizo ya Desemba, Eunike ndiye aliyemwamsha jogoo. Alifagia uwanja, akachota maji bombani, akanywa chai kwa ndizi za kuchemsha, kisha akasimama mlangoni na kuutazama mlima. Kama mawingu yalikuwa yameufunika, aliondoka haraka. Kama kilele kilikuwa wazi, cheupe, kimekaa juu ya mji wa Moshi kama kitu kilichosahauliwa na malaika, basi alisimama hapo hapo na kikombe mkononi mpaka mama yake alipomwita mara tatu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka ule, 2004, alikuwa amemaliza darasa la sita, na mwalimu wake alikuwa ameandika kwenye ripoti: "Ana akili nzuri, ila mara nyingi hayupo."

"Hayupo wapi?" mama aliuliza kwa mshangao. "Si kila siku nakuona unatoka na sare?"

Wakati huo Eunike alikuwa anatazama kipepeo dirishani.

Wakati wa likizo alishinda dukani kwa shangazi yake, Elisifa. Duka lilikuwa dogo, limebanwa kati ya saluni na fundi viatu. Ndani mlikuwa na kaunta, kompyuta yenye mgongo mkubwa kama televisheni, na mashine ya kukatia stika. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa mfalme wa duka. Ilikuwa ndefu kama benchi, na tumboni mwake mlikuwa na kisu kidogo kuliko kucha ya mtoto mchanga. Ukichora kitu kwenye kompyuta na kubonyeza, kisu kilikimbia kushoto na kulia, roli zikavuta karatasi mbele na nyuma, na mashine ikaimba: ziii, zi-zi, ziiii. Mwisho wa wimbo, ulikuta ua, au nyota, au jina la mtu, limekatwa vizuri kuliko mkono wowote.

Mwaka mzima watu walileta kazi za vibao vya maduka na namba za magari. Desemba ilipofika, walitaka kadi na zawadi zenye majina: kikombe cha baba, kadi ya bibi harusi, albamu ya mtoto wa kipaimara. Eunike alipenda Desemba. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora, na shangazi alimwachia kompyuta.

Kulikuwa na sheria moja tu, na shangazi aliisema kila siku kama sala ya kabla ya chakula: "Pembetatu kwanza." Maana yake, kabla ya kuanza kazi yoyote, unakata pembetatu ndogo pembeni, kisha unaibandua kwa ukucha. Ikibanduka bila kutoboa karatasi ya chini, kisu kimekaa sawa. Ikitoboa, unapunguza nguvu ya kisu na kujaribu tena.

"Hata kama nimetoka kukata sasa hivi?" Eunike aliwahi kuuliza.

"Hata kama umetoka kukata sasa hivi na malaika Gabrieli ndiye aliyeshika karatasi."

Jumatatu moja, mzee mrefu mwenye koti la mvua aliingia dukani, ingawa jua lilikuwa linawaka. Kule kwao Machame, juu kwenye migomba na mibuni, mvua haitoi taarifa.

"Shikamoo, baba," shangazi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Elimringi. Nimeambiwa hapa mna kisu kinachojua kuandika."

"Shikamoo, babu," Eunike naye alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye kisu chenyewe?"

Walicheka. Mzee akaketi, akaeleza shida yake polepole. Mke wake, Bibi Margareta, alikuwa amepoteza macho. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, mpaka mwaka huu giza likafunga kabisa. Walikuwa na wajukuu kumi na mmoja, waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na wote hupanda kwenda nyumbani wakati wa Krismasi.

"Sasa watoto hawa wanakua kama magugu," mzee alisema. "Aliyekuwa na sauti ya kinda mwaka jana, mwaka huu anaongea kama ngoma. Pasaka walikuja watatu tu, na bibi yao aliwachanganya wote. Walicheka, naye akacheka. Usiku nikamsikia analia. Aliniambia, 'Mzee, nimekuwa mgeni kwa damu yangu mwenyewe.'"

Fundi viatu aligonga msumari nje: ko, ko, ko.

"Nataka kadi kumi na moja," mzee aliendelea. "Siyo za herufi, kwa sababu hakusoma sana. Kila mtoto awe na picha yake, picha ambayo kidole kinaweza kuiona. Mtoto akimsalimu, anampa kadi mkononi. Basi bibi anajua ni nani."

Shangazi alifikiri, kisha akatoa chini ya kaunta kipande cha stika nyekundu. Ilikuwa stika ya mahameli, laini yenye vinyweleo kama sikio la sungura. "Nilibakiwa na hii tu. Nyingine haitaletwa mpaka Januari. Inatosha kadi kumi na moja, lakini haizidi."

Mchana ule mzee alisimulia, na Eunike akachora. Kulikuwa na mjukuu aliyezaliwa siku ya kuchuma kahawa, huyo alipata tawi lenye punje. Kulikuwa na Fredy, aliyetumbukia kwenye mfereji wa maji akatoka na kambale ndani ya kaptula, huyo alipata samaki. Pacha wawili walipata ndizi mbili zilizoshikana, mmoja zinazotazama kulia, mwingine kushoto. Ronald, ambaye akilia hulia kama mbuzi, alipata mbuzi.

"Usimwambie kwamba ni mimi niliyesema," mzee alinong'ona. "Siku hizi ana ndevu mbili."

Alipoondoka, alimwekea Eunike mkono kichwani. "Krismasi mwaka huu, bibi yenu ataona."

*

Kesho yake asubuhi shangazi alikata namba za gari kwa karatasi nene, akiwa amekaza kisu hadi mwisho. Saa tano alichukua ngazi na gundi kwenda kubandika kibao cha duka mtaa wa pili.

"Zile picha za mzee zikate," alisema. "Unaweza. Ila?"

"Pembetatu kwanza," Eunike alijibu.

Aliweka mahameli kwenye mashine kwa uangalifu, kama anayemlaza mtoto. Akakaa kwenye kompyuta. Na hapo, kupitia mlangoni, aliona mawingu yanafunguka. Theluji ikatokea, ikang'aa, na Eunike akaanza kupanda mlima huo bila kuinuka kitini. Alijiona yuko Machame, amesimama katikati ya wajukuu kumi na mmoja. Bibi anagusa samaki na kusema, "Fredy!" Watu wanapiga vigelegele. Mtu anauliza, "Nani aliyechora haya?" Wote wanageuka kumtazama msichana wa Pasua. Anainamisha macho kwa aibu nzuri. Mkono wake, uliobaki peke yake dukani bila mwenyewe, ukabonyeza kitufe.

Ziii, zi-zi, ziiii, mashine iliimba, na yeye huko juu alidhani ni kwaya.

Alirudi duniani aliposikia mlio mwingine, krrr, kama paka anayekwaruza bati. Kisha mashine ikanyamaza. Kazi ilikuwa imekwisha.

Aliinama kutazama. Kisu kilikuwa bado kimekazwa kwa ajili ya karatasi nene. Kilikuwa kimetoboa mahameli na karatasi ya chini yake pia. Vipande vilikuwa vimeng'oka, vikavutwa chini ya roli na kukunjamana. Mbuzi hakuwa na kichwa. Ndizi za pacha zilikuwa uji. Kati ya picha zote kumi na moja, hakukuwa na moja iliyopona.

Shangazi alimkuta amesimama amekumbatia vipande.

"Kuna nini?"

Ukweli ulikuwa na maneno mawili tu: nilisahau pembetatu. Lakini yalikuwa mazito, na jingine lililokuwa jepesi lilitoka kabla yake.

"Umeme ulikatika, shangazi. Halafu ukarudi ghafla. Mashine ikaanza kurukaruka."

Shangazi alitazama vipande. Akatazama mashine, akainama, akageuza kitufe cha nguvu ya kisu polepole.

"Umeme," alisema mwishowe. "Haya."

Jioni alimpigia simu mpwa wa mzee, ambaye namba yake mzee alikuwa ameiacha dukani, ili ampelekee habari kule juu.

*

Evelyn, binti wa mwenye saluni ya jirani, alikuwa na umri sawa na Eunike, lakini mdomo wake ulimzidi kwa miaka kumi. Jumatano asubuhi alikaa kwenye ngazi ya duka akimenya embe.

"We Eunike, nasikia jana umeme ulikatika."

"Ulikatika."

"Ajabu! Mbona kwetu draya ilivuma tangu asubuhi hadi jioni? Mama Wenseslaus aliungua sikio. Au umeme siku hizi unachagua mlango?"

"Niache, Evelyn."

"Nakuacha. Nauliza tu, ili shule zikifunguliwa nikichelewa na mimi niseme umeme ulikatika kwenye miguu yangu."

Eunike alitaka kumrushia gundi. Kabla hajaamua, koti la mvua lilitokea barabarani. Mzee Elimringi alikuwa ameshuka tena kutoka Machame, na mkononi alikuwa na chemli, taa ya mafuta ya zamani, kioo chake kimefutwa mpaka kinang'aa.

"Mjukuu wangu," alisema, "niliambiwa ulikamatwa na giza ukiwa peke yako humu. Nikamwambia bibi yako. Akasema, 'Maskini mtoto, mimi najua giza lilivyo. Mpelekee chemli ya kwenye banda la ng'ombe.' Ng'ombe ameafiki. Mafuta yamo."

"Na kadi, baba?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aa, kadi ziache. Umeme hauna adabu, tutafanyaje? Margareta hajui kama nilikuwa nimepanga jambo. Mtu hawezi kulilia asichokijua." Akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikufika machoni. Aliweka chemli kwenye kaunta, akaaga, akaenda zake.

Evelyn alisimama na embe lake, mdomo wazi.

Siku nzima chemli ilimtazama Eunike. Alijaribu kuota mlima, lakini kila alipofumba macho alimwona bibi asiyeona akimhurumia yeye kwa giza ambalo halikuwepo. Kilele kilikuwa wazi jioni ile, cha rangi ya waridi, na yeye hakukitazama.

Shangazi alipoanza kufunga duka, Eunike alisema, "Shangazi, umeme haukukatika."

Shangazi aliacha kufuli likining'inia. "Endelea."

"Sikukata pembetatu. Nilikuwa... nilikuwa naota. Kisu kilikuwa kimekazwa. Mimi ndiye niliyeharibu." Machozi yalimwagika sasa, lakini kifua kilikuwa chepesi.

Shangazi aliketi kwenye ngazi. "Umeme ukikatika katikati, mashine huacha kazi nusu. Kazi yako ilikuwa imekatwa mpaka picha ya mwisho. Nilijua palepale."

"Mbona hukunichapa?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Na hapo mimi pia nilikosea. Nilipokuwa nakungoja, nikapeleka uongo Machame kwa simu yangu, na mzee wa watu ametembea na chemli mlimani na bondeni kwa sababu yake." Alivuta pumzi. "Leo ni Jumatano. Krismasi ni Jumamosi. Kulia tumeshalia. Mahameli hakuna. Tuna nini?"

Eunike alifuta macho kwa kiganja, akaangalia rafu. Kulikuwa na daftari, kalamu, na mabunda ya manila za shule, zile karatasi ngumu ambazo walimu huandikia chati.

"Manila moja ni nyembamba, kidole hakitaisikia," alisema. "Lakini tukikata kila picha mara tatu, tukabandika moja juu ya nyingine..."

"...itainuka," shangazi alimalizia. "Vipande thelathini na vitatu. Nani atabandika?"

"Mimi."

"Na pembetatu?"

"Kila karatasi, shangazi. Kila karatasi."

Alhamisi yote Eunike alikata, kila manila ikiwa imeshikizwa kidogo juu ya karatasi ya chini ya stika. Alikata pembetatu, akaibandua kwa ukucha, akatazama, ndipo akabonyeza. Mashine ilipoimba hakuondoa jicho hata mawingu yalipomwita. Evelyn alikuja bila kuitwa, akashika brashi ya gundi. "Nabandika, siongei," alisema, na aliweza karibu dakika nne. Gundi ilikauka polepole kwa sababu ya unyevu, hivyo Evelyn alibeba kadi mbili mbili hadi saluni, akazipuliza kwa draya. Wateja wa saluni walisogeza vichwa kumpisha mbuzi.

Zile pembetatu ndogo za kujaribia zilibaki mezani kama punje. Eunike aliona uchungu kuzitupa. Akabandika moja moja kwenye kona ya kila kadi.

Mwisho kabisa, kadi kumi na moja zilipokuwa zimekauka, alichukua mkasi na kukata ya kumi na mbili kwa mkono wake, bila mashine. Shangazi aliona inachofanana nacho. Akamsogezea gundi.

*

Mkesha wa Krismasi walipanda Machame. Barabara ilipita kati ya migomba iliyopinda kama matao ya harusi, maji yakitiririka mferejini, ukungu ukiingia na kutoka kama mgeni asiyejua kiti chake. Kwenye kihamba cha Mzee Elimringi, shamba la ukoo lenye nyumba katikati ya migomba, moshi wa jikoni ulinukia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Wajukuu walikuwa wameshafika, wamejaa uwanja mzima. Eunike aliwatambua bila kuambiwa: yule ni samaki, wale ni ndizi, na yule mwenye ndevu mbili ni mbuzi.

Shangazi alimvuta mzee pembeni, akamwambia ukweli wote, pamoja na sehemu yake yeye. Mzee alisikiliza, akakuna kidevu, akatazama kadi kwa muda. Kisha akawapanga wajukuu mstari, kila mmoja na kadi yake.

Bibi Margareta alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu barazani, kitenge mabegani, uso umeinuka kidogo kama anayesikiliza mvua ya mbali. Mtoto wa kwanza alipiga magoti, akamwekea kadi mkononi bila kusema neno. Vidole vya bibi vilisita. Vikatambaa ukingoni, vikazunguka mapezi, vikafika mkiani.

"Huyu ni samaki," alisema. Kisha akapiga kelele, "Fredy! Fredy wa kambale!"

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Akaja wa kahawa, wakaja pacha. Bibi aliwajua wote. Alipofika kwenye mbuzi alicheka mpaka akashika mbavu, na Ronald, pamoja na ndevu zake, akalia kweli, tena kama mbuzi. Bibi aliwagusa nyuso mmoja baada ya mwingine, machozi yakimtiririka bila kujificha.

"Na hii ya pembeni, kwenye kila kadi, ni nini?" aliuliza. "Ni mlima?"

Wajukuu hawakujua. Eunike alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Miguu ilitaka kukimbia, akaikatalia. Alisogea, akapiga magoti, akaweka kadi ya kumi na mbili kwenye mikono ile.

Bibi aligusa jani refu, jembamba, lililochongoka. Katikati palikuwa na fundo. Vicheko vilififia, kwa sababu uso wa bibi ulikuwa umebadilika.

"Hili ni isale," alisema taratibu. Watoto wote wa kihamba walilijua jani hilo, lililopandwa mpakani na makaburini, ambalo mtu aliyekosa hulifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. "Nani ananiomba radhi?"

"Mimi, bibi. Eunike, wa duka la Pasua." Akasema yote: pembetatu aliyoiruka, mahameli, umeme ambao haukukatika. Shangazi alitoa chemli kwenye kikapu na kuiweka sakafuni. "Na chemli yenu nimeirudisha," Eunike aliendelea. "Sikuwa gizani. Nilidanganya."

Ng'ombe alicheua bandani.

"Umenifanya nimhurumie mtu aliyekaa kwenye mwanga," bibi alisema, na Eunike akainamisha kichwa. "Ilinikosesha usingizi, mtoto. Nilikuwa nakuombea." Akatafuta kichwa cha Eunike kwa mkono, akakipata. "Kwetu mtu akiletewa isale, hakatai kusamehe. Nami nimelipokea. Sasa nisikilize, na ninyi wajukuu zangu sikilizeni. Kuharibu kazi si aibu. Mimi nimeunguza mtori mara ngapi, mzee?"

"Nisianze kuhesabu," mzee alisema.

"Mahameli yaliharibika, mkapata kitu kingine. Uongo ndio hauna kitu kingine cha kuweka mahali pake, isipokuwa ukweli. Mimi sioni. Kila siku naishi kwa maneno ninayoambiwa: hapa pana ngazi, chai ni ya moto, huyu ni mjukuu wako. Anayenidanganya ananiongezea giza. Anayeniambia kweli, hata kama imechelewa, ananiwashia taa. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, bibi," wote wakaitikia.

"Na kuota usiache," aliongeza, akimpigapiga Eunike shavuni. "Asiyeota asingechora samaki huyu. Ila kwanza fanya kile kidogo ulichoambiwa, ndipo uote. Sasa niambie, hii ya pembeni ni mlima?"

"Ni pembetatu ya kujaribia kisu, bibi. Ndiyo inayokatwa kwanza."

Vidole vya bibi vilirudi kwenye kona, vikapanda upande mmoja wa pembetatu polepole, vikafika juu, vikashuka upande wa pili.

"Mimi nimeuona mlima," alisema, akatabasamu. "Miezi mingi sikuwa nimeuona."

Mzee Elimringi alipokusanya kadi, alihesabu kumi na mbili. Akamtazama mkewe. Bibi alikuwa ameishikilia ile ya isale kwenye kitenge.

"Hii haiondoki," alisema. "Krismasi ijayo Eunike akija, apewe hii anisalimu nayo. Wengine nitawajua kwa mbuzi na kwa samaki. Huyu nitamjua kwa hili."

Nje ya baraza ukungu ulifunguka kidogo, na theluji ikatokea juu ya migomba. Eunike aliiona. Safari hii alimshika bibi mkono kwanza, akamweleza ilivyo.